Kitabu cha kwanza baada ya kustaafu ualimu: mchapishaji, kujichapishia au Amazon?

MwalimuMstaafu: Habari zenu wakuu. Nimestaafu ualimu, mswada upo tayari, na fungu kidogo la fedha lipo. Njia ninazoziona ni tatu: kupeleka kwa kampuni ya uchapishaji, kujichapishia, au kupandisha Amazon, lile duka la mtandaoni. Ipi ina nafuu? Mwisho wa mwezi nataka niwe nimeamua.

Pleti4: Shikamoo mwalimu. Kitabu cha nini? Kurasa ngapi? Picha za rangi au nyeusi tupu? Nakala ngapi? Bila hayo hata bei ya karatasi hutajiwi.

DadaMhariri: Na kinaenda shuleni au dukani? Anzia hapo.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Ni hadithi za kujifunzia kusoma, darasa la kwanza na la pili. Kurasa 52, picha za rangi kila ukurasa. Nakala 1,000.

DadaMhariri: Basi Amazon iweke kando. Mzazi wa Singida hanunui kitabu cha darasa la kwanza kwa kadi ya benki. Kikiingia shuleni kinataka ithibati, yaani kibali rasmi, kama kitabu cha ziada. Vya kiada, vile vikuu vya darasani, TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) wanaandaa wenyewe. Uliandika kwa mtaala upi? Ulioboreshwa umeanza kutumika Januari 2024, na muhtasari wake umepangwa kwa umahiri mkuu na umahiri mahususi. Kama umefuata mada za zamani, panga upya kwanza, mambo ya kiwandani baadaye.

Pleti4: 52 ni namba mbaya. Ofseti, mashine kubwa ya kiwandani, inachapa karatasi kubwa inayokunjwa kutoa kurasa 16. Tatu zinakupa 48, halafu zile 4 zinadai pleti (bamba la kuchapia) na mkunjo wa peke yake. Punguza hadithi moja. Ndani weka karatasi ya bondi gramu 80 au zaidi, la sivyo rangi inaonekana upande wa pili. Jalada gramu 300 na laminesheni, ile ngozi ya plastiki juu yake. Na ifungwe kwa pini katikati, wakikwambia gundi kataa. Kurasa 48 ni karatasi 24, zina unene wa milimita mbili na nusu hivi, gundi haina pa kushika. Mtoto akikifungua mara tatu kurasa zinamwagika.

Kibandiko: Gundi nzuri ya moto inashika, tatizo ni mafundi.

Pleti4: Kwa milimita mbili? Haya.

MezaYaMpangilio: Mwalimu, usipeleke faili la Word kiwandani. Kuna kazi ya darasa la pili, nakala 2,000, iliharibika hivyo hivyo. Kompyuta ya pale haikuwa na fonti ya mwandishi, ikabadilisha yenyewe. Ile "a" ya duara na mkia, kama mtoto anavyoiandika kwenye daftari, ikawa "a" ya gazeti yenye kofia juu. Mistari ikaruka, maneno yakaachana na picha zake. Ukataji wa maneno ulikuwa umewekwa Kiingereza, kwa hiyo "nyumba", ambayo silabi zake ni nyu-mba, ikakatika "nyum-" mstari mmoja na "ba" chini. Kwa mtoto anayejifunza silabi hiyo ni sumu. Kibaya zaidi, alama ya ng' ilipotea, ng'ombe wote wakawa "ngombe". Sampuli ilisainiwa bila kusomwa, kiwanda kikasema mlikubali wenyewe, na mzigo ukalipiwa. Toa PDF yenye fonti ndani, zima ukataji wa maneno, picha ziwe 300 dpi (nukta kwa inchi) kwa ukubwa wa kuchapwa, acha milimita 3 za kukatwa pembeni. Sampuli ya karatasi isomwe neno kwa neno, kila ukurasa usainiwe.

Kibandiko: Silabi zenyewe ndizo zimepitwa na wakati. Anza na sauti.

BabaIrabu: Kiswahili kinasomeka kwa silabi, ba be bi bo bu. Sauti ya "b" peke yake utaitamkaje?

DadaMhariri: Fungueni uzi wenu jamani. Mwalimu, kampuni ya uchapishaji inabeba gharama na kukupa mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi asilimia 10. Uliza ya nini: ya bei ya dukani au ya fedha inayoingia kwao? Kitabu cha 6,000 kikiuzwa dukani kwa punguzo la asilimia 30, kwao inaingia 4,200. Wewe unapata 600 au 420. Na mkataba useme haki zinarudi kwako lini wakiacha kukichapa.

Pleti4: Kampuni ikikwambia utangulize hela, hiyo ni uchapaji (kupiga chapa tu), siyo uchapishaji.

MezaYaMpangilio: Ukijichapishia, ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba, na nakala za kuhifadhi unawapelekea. Hakimiliki inaanza pale unapoandika. COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki) unasajili ili uwe na ushahidi. Michoro ni ya nani?

MwalimuMstaafu: Kijana wa jirani. Tulielewana kwa mdomo, nilimpa kidogo.

MezaYaMpangilio: Andikianeni kabla ya kitu kingine chochote. Idadi ya michoro, malipo, na kwamba unaweza kuitumia toleo la pili na la kidijitali. Akigoma baada ya kuchapa, huna kitabu.

MwalimuMstaafu: Nimeelewa. Kuhusu kampuni au kujichapishia bado nasitasita.

Kibandiko: @BabaIrabu, "b" inatamkwa kwa midomo kufumba na kuachia, watoto wanaiweza kabisa.

BabaIrabu: Na "mbw" ya mbwa?