Je, jukwaa letu la mashabiki wa Namungo lifungue kundi rasmi la WhatsApp?

Msimamizi, Lindi Mjini (mleta hoja)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa yamekuwapo maombi ya kwamba jukwaa hili la mashabiki wa Namungo FC lifungue kundi rasmi la WhatsApp, na kwa kuwa sisi wasimamizi hatujaafikiana, nimeona ni heri suala lenyewe liletwe mbele yenu kabla hatujaanzisha kitu ambacho kukifunga baadaye kutazua lawama.

Hoja ya wanaolitaka inaeleweka. Timu yetu hucheza nyumbani Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, na wengi wetu hatuishi Ruangwa. Shabiki wa Lindi Mjini, wa Kilwa Masoko, wa Liwale au wa Masasi anahitaji kujua mapema kama saa ya mechi imesogezwa, Coaster inaondokea wapi, nauli ni kiasi gani na nafasi zimebaki ngapi. Swali la namna hiyo likibandikwa hapa asubuhi, huenda likajibiwa jioni wakati timu zimeshaingia uwanjani. Mnakumbuka pia Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi ilipokatika kwa mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya: waliokuwa safarini walipeana habari kwa makundi ya simu, na hapa kwetu uzi ulifunguliwa wakati wengi wameshakwama.

Hoja ya wasiolitaka ni kwamba mazungumzo yote yatahamia huko na jukwaa litabaki gofu. Ningependa kusikia mnaonaje, na kama mnakubali, basi nani alisimamie na kwa masharti gani. Naomba kuwasilisha.

Mwanajukwaa wa Nanganga

Mkuu, makundi yapo tayari, ila si ya kwetu. Mimi peke yangu nimeunganishwa katika matatu bila kuulizwa, yote yakiwa na nembo ya timu na yote yakijiita ya mashabiki halali. Katika mojawapo, siku chache kabla ya mechi, uliingia ujumbe uliosema: "Habari mwana Namungo, nafasi za gari zimebaki mbili, tuma 15,000 kwenye namba hii upate siti." Namba ilikuwa ya mtu ambaye hakuna aliyemfahamu, na gari halikuwapo. Katika jingine kuna anayeuza mikeka ya kubeti ya "mechi za uhakika", na kila mkeka ukichanika hubadilisha jina na picha kisha huanza upya.

Kwa hiyo mimi nasema lifunguliwe, tena haraka, ili mgeni akiuliza kundi la kweli ni lipi aonyeshwe kiungo kilichobandikwa hapa jukwaani na si kwingine. Wale matapeli tuwaripoti kwa kutuma namba zao kwenda 15040, lakini kuripoti pekee hakutoshi iwapo sisi wenyewe hatuna mahali pa kumwelekeza mtu.

Mkongwe wa Jukwaa, Mtama

Ndugu Msimamizi, mimi napinga, na sababu yangu si hiyo ya gofu.

Turudi Februari 2021. Namungo ilikuwa imefika Luanda kucheza na 1º de Agosto katika Kombe la Shirikisho Afrika, mamlaka za Angola zikaizuia kwa sababu za vipimo vya UVIKO-19, na mechi haikuchezwa. Siku zile nilikuwa katika kundi moja la simu. Kati ya alfajiri na adhuhuri nilisoma humo kwamba tumepokwa ushindi, kwamba tumepewa ushindi, kwamba timu imeshapanda ndege kurudi, na kwamba mechi inaanza baada ya saa moja. Kila habari ikiwa imesambazwa kutoka kundi jingine, na kila anayeulizwa ameitoa wapi akijibu kwamba na yeye ametumiwa. Hapa jukwaani palikuwa na uzi mmoja tu. Habari iliyothibitishwa iliwekwa chini ya ile ya kwanza, na iliyokanushwa iliachwa mahali pake pamoja na maelezo ya kwa nini imekanushwa, hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipoamua kwamba mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, tukafuzu kuingia hatua ya makundi kwa jumla ya mabao 7-5 na kupangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Leo kijana aliyeanza kuishabikia timu hii msimu uliopita akiandika "Luanda" kwenye sehemu ya kutafuta, anaukuta uzi ule mzima, pamoja na hasira zetu. Kundi lile la simu siwezi hata kulikumbuka jina.

Ndipo hofu yangu ilipo. Mtu mwenye maarifa ya timu hii, awe anajua historia yake tangu madaraja ya chini au anajua kusoma mchezo, ana saa chache za kuandika kwa wiki. Saa hizo akizitumia kwenye kundi, jibu lake litasomwa na waliokuwa macho wakati ule, kisha litafunikwa na picha za kuchekesha na salamu za asubuhi njema. Kesho mwingine atauliza swali lile lile, naye atajibu tena kwa maneno machache zaidi, na keshokutwa atachoka anyamaze. Ujumbe wa sauti ndio unamaliza kabisa, kwa kuwa mchambuzi akizungumza dakika nne juu ya safu yetu ya ulinzi, hakuna neno unaloweza kuliandika likakurudisha kwenye sauti ile mwaka ujao. Uchambuzi wa fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, ya Agosto 2020 kule Sumbawanga, tulipofungwa na Simba 2-1, bado unasomwa hapa kwa sababu uliandikwa. Wapo watakaosema uzee ndio unaonisumbua, na waseme.

Binti wa Nachingwea

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kutwa.

Nimesoma hoja zote na naona kuna jambo moja halijaguswa, nalo ni namba za simu. Humu ndani ninaandika kwa jina la utani, na baadhi yenu mmekuwa mkiniita "kaka" kwa muda mrefu bila mimi kuwasahihisha, kwa sababu hali hiyo inanipa nafasi ya kubishana juu ya kiungo mkabaji bila mtu kuniuliza yasiyohusu mpira. Nikiingia kwenye kundi la WhatsApp, namba yangu inaonekana kwa kila aliyemo. Niliwahi kujiunga na kundi la mashabiki, si la jukwaa hili, na usiku ule ule nilipigiwa na watu nisiowajua. Mmoja alitaka kujua kama nimeolewa kabla hata hajataka kujua ninashabikia timu gani. Nilijitoa asubuhi yake, lakini namba ilikuwa imeshachukuliwa.

Zaidi ya hapo, kwetu namba ya simu si ya kupigia tu. Ndiyo akaunti ya pesa. Mtu akiwa na namba yako anaweza kujifanya anakutumia shilingi elfu moja, na kabla hajathibitisha muamala simu yake itamwonyesha jina lako kamili kama ulivyosajili laini, kisha akaghairi. Kwa hatua hiyo moja jina la utani la jukwaani limekwisha kazi. Huyo tapeli aliyetajwa hapo juu na mwanajukwaa wa Nanganga hahitaji zaidi ya hapo ili akupigie akikutaja kwa majina yako yote, nawe ukadhani ni ofisa wa mahali fulani.

Tukumbuke pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sidai kwamba kikundi cha mashabiki kitaburuzwa mahakamani, ila hatupaswi kuorodhesha namba za mamia ya watu mahali pamoja kana kwamba ni jambo dogo. Walau asiunganishwe mtu yeyote bila ridhaa yake, na asiyetaka kuingia asikose habari ambayo wenzake wameipata.

Fundi Simu, Lindi Mjini

Niongeze ya ufundi kwa ufupi, maana naona tunazungumzia WhatsApp kama kitu kimoja na sivyo.

Kundi la WhatsApp huchukua watu wasiozidi 1,024. Msimamizi anaweza kulifunga ili wasimamizi pekee waandike, na anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wote. Chaneli ya WhatsApp, iliyokuja mwaka 2023, ni kitu tofauti: wafuasi hawaonani namba, na wanaoandika ni wenye chaneli peke yao. Telegram nayo inaruhusu kundi la watu hadi 200,000, namba inaweza kufichwa ukatumia jina, na mgeni anaweza kuruhusiwa kusoma yaliyoandikwa kabla hajaingia, kwa hiyo inajibu sehemu ya hofu ya Mkongwe na sehemu kubwa ya hofu ya dada yetu wa Nachingwea. Tatizo ni kwamba wateja wangu wengi wana WhatsApp tu, na bando wanalonunua ni la siku. Ukiwaambia wapakue programu nyingine kwa ajili ya mechi, hawatapakua.

Jambo la mwisho ni video. Anayeniletea simu akilalamika kwamba imejaa, nikiifungua mara nyingi nakuta video za makundi zimejihifadhi zenyewe, na nyingi hata hajazitazama. Kundi letu likifunguliwa bila kanuni ya video, mtakuwa mnanitafutia wateja.

Msimamizi, Lindi Mjini

Nashukuru kwa michango. Ndugu Fundi, chaneli inavutia, lakini anayeulizia kama Coaster imeshapita Mnazi Mmoja ya huku Lindi hawezi kuuliza kwenye chaneli. Naomba tuendelee.

Mratibu wa Safari, Ruangwa

Mimi ndiye ninayepokea magari yenu yakifika, kwa hiyo naomba niseme kwa upande wa kazi yenyewe.

Sioni ubishi kuhusu habari za safari, kwani zinahitaji mahali pa haraka na jukwaa si mahali hapo. Kinachonitia wasiwasi ni saa tatu usiku baada ya kufungwa na Simba au Yanga. Hapa jukwaani mtu akiandika kwa ghadhabu kwamba mchezaji fulani ameuza mechi, msimamizi ana muda wa kuliondoa andiko kabla halijasomwa na wengi. Kwenye kundi, tuhuma hiyo inafika mfukoni mwa kila mmoja kwa wakati mmoja, na kabla msimamizi hajamaliza kula imeshasambazwa makundi mengine, picha ya skrini ikiwa na jina la kundi letu juu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na mwandishi ndiye atakayeulizwa kwanza, lakini jukwaa ndilo litakalochafuka.

Basi nauliza: nani atakuwa macho usiku huo? Kuanzia Oktoba, korosho zikianza kwenda ghalani, nusu ya wasimamizi wetu hawashiki simu mchana kutwa, na wengine wanalala kwenye vyama vya msingi vya ushirika wakisubiri mzigo upimwe. Hao hao ndio tunaowataka wasome jumbe za watu mia kadhaa.

Kwa hiyo ninachokubali ni kundi la safari tu. Lifunguliwe kwa maandishi siku mbili kabla ya kila mechi ya Ruangwa, na filimbi ya mwisho ikishapulizwa na magari yakishaondoka, lifungwe, wasimamizi pekee wabaki na uwezo wa kuandika. Mjadala wa mechi uje huku. Video zisiruhusiwe. Fedha zisikusanywe humo kwa hali yoyote. Nauli ilipwe mkononi kwa kondakta mlangoni mwa gari, ili anayedai itumwe kwa simu ajulikane papo hapo kuwa ni tapeli. Na asiyetaka namba yake ionekane asilazimike kuingia, kwa kuwa saa na mahali pa kuondokea vitabandikwa hapa kabla ya kutumwa kule, si baada.

Kuna na jambo la laini. Laini itakayofungulia kundi isiwe ya msimamizi mmoja anayoipokelea pesa zake na kuongea na familia yake, maana akihama au akigombana nasi ataondoka nayo. Itafutwe laini ya akiba, iwekwe kwenye simu itakayokuwa ikikabidhiwa kwa msimamizi wa zamu, na wawepo wasimamizi wengine wawili ndani ya kundi wenye mamlaka sawa.

Binti wa Nachingwea

Kwa masharti hayo mimi sina kipingamizi. Nitasoma ya safari huku huku jukwaani, na huko kwenye kundi sitaingia.

Mkongwe wa Jukwaa, Mtama

Sijashawishika kwamba litabaki la safari. Makundi yote huanza na safari. Hata hivyo, kama litafungwa kila baada ya mechi kama alivyosema Mratibu, nalikubali hadi mwisho wa msimu, kisha uzi huu ufufuliwe tuangalie idadi ya michango ya uchambuzi jukwaani imepanda au imeshuka.

Msimamizi, Lindi Mjini

Nimeyapokea. Nitaandika kanuni kwa kufuata alivyopendekeza Mratibu na kuzibandika hapa zijadiliwe kabla kiungo hakijatolewa. Mwenye simu ya akiba inayokaa na chaji, hata iwe imepasuka kioo, pamoja na mtu wa kushika zamu ya Jumapili usiku, aniandikie faraghani.