Tupeane uzoefu: uliyewahi kuzama kwenye madeni Uingereza, ulitokaje?

Mwana wa Tanga
Leo nimeona bahasha ya kahawia mlangoni kwa jirani, haijafunguliwa, nikakumbuka droo yangu. Bahasha za madeni zote nilizisokomeza mle: kodi ya kaunsili (halmashauri ya mtaa), umeme, kadi ya mkopo. Na kila mwisho wa mwezi natuma nyumbani kama kawaida. Aliyenitoa ni mama mmoja wa ofisi ya hisani nyuma ya kanisa. Alizimwaga mezani, akazipanga, hakunisimanga. Wenzangu mlitokaje?

Beba Boksi
Zangu zilikuwa chini ya godoro.

Mama Wawili
Sijawahi kumwambia mtu hili. Oktoba 2024 niko zamu ya usiku, natunza wazee. Saa mbili dalali wa madeni anagonga kwangu. Kijana wangu wa miaka 13 akafungua, mdogo wake kajificha bafuni. Yule bwana akaingia, akaorodhesha TV, friji, hadi baiskeli. Mtoto ananipigia analia, "Mama, wanachukua nyumba?" Mimi nimemshika bibi wa watu mkono, siwezi hata kutoka chumbani.

Asubuhi nikaenda kituo cha ushauri na sare yangu ya kazi. Mshauri akauliza: nani alifungua mlango? Nilipotaja umri wa mtoto akashika simu hapo hapo. Kumbe wakiwepo watoto wa chini ya miaka 16 peke yao, dalali haruhusiwi kuingia. Orodha ikafutwa. Kisha akaniombea Breathing Space, siku 60 wadai wanasimama na riba inasimama, ila bili za mwezi unaendelea kulipa. Huwezi kuiomba mwenyewe, lazima mshauri. Sikutozwa hata senti.

Mzee wa Luton
Pole dada. Lakini watoto usiku peke yao?

Mama Wawili
Shangazi yao hufika saa tatu akitoka kazini. Ungenilipia wewe mlezi?

Dada Pwani
Mzee, mwache. Mama, nimelia. Yule mdogo anaendeleaje?

Mama Wawili
Hajambo. Ila kengele ikilia bado anakimbilia bafuni.

Kijana wa Kisumu
Mimi naogopa hizo ofisi. Ukionekana huko, viza ikiisha watu wa uhamiaji wanakukumbusha.

Dada Pwani
Si kweli! Kuomba ushauri si kuchukua pesa za umma.

Kijana wa Kisumu
Binamu yangu aliambiwa asiguse msaada wowote wa umma.

Mwana wa Tanga
Mnachanganya mambo. Kama viza yako inakukataza misaada ya umma, usijaze fomu ya msaada kabla mshauri hajaiona viza. Lakini punguzo la asilimia 25 la kodi ya kaunsili kwa anayeishi peke yake halihesabiwi humo. Mimi nilikaa miaka 3 nalipa kamili bila kujua.

Beba Boksi
Ushauri wangu: usifungue mlango kabisa. Ongea nao dirishani.

Mzee wa Luton
Kopa kwa ndugu ulipe, yaishe.

Mama Wawili
Usikope! Ndivyo nilivyozama.

Kijana wa Kisumu
Mwana wa Tanga, ofisi hiyo hufungua lini? Nina bahasha saba.

Mwana wa Tanga
Jumanne asubuhi. Zilete zote, hata zile unazoona ndogo, na karatasi za mshahara. Nitakungoja getini.