Asilimia 2 ya Guyana: walipigwa, au hawakuwa na namna?

Mtumbwi Mpya:
Wakuu, hii nchi inaniumiza kichwa. Guyana, jirani wa Venezuela, watu kama laki nane tu. Mwaka 2015 kampuni ya Exxon wakapata mafuta baharini, Desemba 2019 yakaanza kutoka, 2022 uchumi ukaruka zaidi ya asilimia 60 ndani ya mwaka mmoja. Lakini mkataba wa 2016 sasa! Mrabaha, yaani fungu la serikali kabla ya gharama kukatwa, asilimia 2. Kampuni zinaruhusiwa kukata gharama zao mpaka asilimia 75 ya mapato, halafu kinachobaki ndiyo wanagawana nusu kwa nusu. Kampuni zikikata mpaka mwisho, katika kila shilingi 100 nchi inaondoka na 14 na senti 50. Kodi ya mapato ya hao wachimbaji? Serikali ndiyo inailipa, kutoka kwenye fungu lake. Naomba maoni: walipigwa, au hawakuwa na namna? Na mkataba wa hivi unavunjwa au unavumiliwa?

Mizani:
Kupigwa wapi? Watu walitoboa bahari ile miaka na miaka wakatoka patupu. Halafu Venezuela anadai Essequibo, karibu theluthi mbili za nchi. Una kiwanja ambacho jirani anasema ni chake, kaja mnunuzi, wewe ndiye utakayepanga bei? Mwaka 2024 walikuwa wanatoa mapipa zaidi ya laki sita kwa siku, karibu kila raia na pipa lake. Acheni wivu. Nchi yenyewe nani alikuwa akiijua kabla ya mafuta? Afadhali Jamaika, walituletea Walter Rodney, yule mwanahistoria.

Binti Lindi:
Exxon huyo huyo yuko kwetu Tanzania, kitalu cha gesi namba 2, na wale Wanorwe wa Equinor. Nyongeza ya mkataba wao ilivuja 2014 ndiyo tukajua kilichoandikwa. Wa Guyana walau ulichapishwa wote mwishoni mwa 2017, japo baada ya kelele. Mimi ningependa tujadili usiri kabla ya hiyo asilimia. Kule hata zile dola milioni 18 za kusaini zilifichwa, zikaja kugundulika baadaye. Serikali ikajitetea kwamba ni za kulipa mawakili wa kesi ya mpaka.

Mlimani 72:
Mizani, nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu. Rodney MJAMAIKA? Kijana, Rodney kazaliwa Georgetown, Guyana, 1942. Kafia Georgetown, Juni 13, 1980, bomu ndani ya gari. Sisi tulimsikiliza Mlimani kwa masikio yetu. Nchi "isiyojulikana" ndiyo iliyotufundisha historia yetu wenyewe. Mafuta hamjui, historia hamjui, ila kuandika mnaandika.

Mizani:
Shikamoo mzee. Mada ni mafuta, wewe umekamata jina moja. Kwani Jamaika hakufundisha?

Mlimani 72:
Marahaba. Alifundisha, miezi michache, kisha Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ikamkatalia kuingia tena, Kingston pakachafuka. Kwa hiyo walichotuletea Jamaika ni mtu waliyemfukuza. Washukuru hao.

Chuma Doriani:
😂😂 Mizani kaa pembeni unywe maji.

Wakili Mtaani:
Turudi kwenye mada kidogo, maana Rodney anahusika kuliko mnavyodhani. Kule siasa ni ya mbari. PPP ni chama cha wenye asili ya India, ambao babu zao waliletwa mashamba ya miwa. PNC ni cha wenye asili ya Afrika. Rodney alikataa mgawanyo huo, akawa kwenye chama cha WPA na watu wa pande zote, ndiyo maana akaogopwa. Tume iliyotoa ripoti 2016 ilisema serikali ilihusika na kifo chake, wakati Burnham wa PNC akiwa madarakani. Sasa shikeni viti. Mwaka huohuo 2016, mkataba wa asilimia 2 ulisainiwa na serikali ya muungano ulioongozwa na PNC. Na ndani ya muungano ule, WPA walikuwemo.

Mlimani 72:
WPA ya 2016 si WPA ya Rodney. Jina limebaki kwenye mlango, mwenye nyumba alishazikwa.

Wakili Mtaani:
Mzee wangu, sijamshambulia marehemu. Nasema chama chake kilikaa meza moja na chama kilichotuhumiwa kumuua, na meza hiyo ndiyo iliyosaini.

Mlimani 72:
Na mimi nasema usimtaje kwenye sentensi moja na Exxon.

Chuma Doriani:
Mnakumbuka serikali hiyohiyo ilivyoanguka? Desemba 2018, kura ya kutokuwa na imani, wabunge 65. Mmoja wao, Persaud, akawageuka: 33 kwa 32. Wakaenda mahakamani kudai 33 si wengi! Eti nusu ya 65 ni 32 na nusu, ukikadiria ni 33, jumlisha moja, wanatakiwa 34. Mpaka Mahakama ya Haki ya Karibi ndiyo iliwafundisha kuhesabu, 2019. Halafu mnategemea watu hao wapige hesabu ya mafuta.

Mtumbwi Mpya:
Hii nilikuwa siijui 😂. Ila nani anajibu swali langu? PPP walipokuwa upinzani waliulalamikia mkataba. Wameingia 2020, wakashinda tena Septemba 2025, na bado wanasema mkataba ni mkataba. Masharti mapya ya 2023, mrabaha asilimia 10, ni ya vitalu vipya tu.

Binti Lindi:
Mimi nilijibu, hamkusoma. Mwenye kusaini gizani hana ubavu wa kuvunja mchana, maana atalazimika kueleza kwa nini alisaini. Na aliyerithi naye kanogewa. 2024 wametangaza dola laki moja za kwao kwa kila mtu mzima. Kwa pesa ya Marekani hazifiki 500. Mtu akishapokea, nani atauliza asilimia?

Chuma Doriani:
Dada, na mimi nipelekeni huko nikaibiwe vizuri.

Mizani:
Nimerudi. Kwa kumbukumbu, sikusema Rodney alizaliwa Jamaika. Nilisema Jamaika walituletea. Alipofukuzwa kule 1968 akaja Dar 1969. Alitokea wapi? Someni kabla ya kucheka.

Mlimani 72:
Alikuja Dar mara ya kwanza 1966, mwanangu. Kutokea London. Haya, washukuru na Waingereza.