Mjadala: Forth ipewe obijekti rasmi ama kila mtu aendelee kujijengea zake?

Wasee naleta hii hapa juu jana tulibishana mpaka chai ikapoa. Jamaa tunafanya naye kazi anasema Forth, hii lugha ya programu, haihitaji obijekti (data na kazi zake zikifungwa pamoja), eti lugha ya steki (rundo la namba, ya mwisho kuingia ndiyo hutoka kwanza) ukiitwika klasi (kiolezo cha obijekti) na urithi (klasi kuchukua tabia za nyingine) umeimaliza, anayezitaka ajijengee. Mimi nasema seti moja ikubaliwe na wote.

Ploti yetu huku Umoja maji huja kwa zamu, tuko na tangi la chini na la juu, pampu nimeiwekea Arduino Uno (bodi ndogo ya kuendesha vifaa) yenye FlashForth, Forth ya bodi ndogo kama hizo. RAM ni kilobaiti 2 kwa hivyo ubahili naujua. Nilianza hivi:

: tangi create , does> @ soma ;
0 tangi juu
1 tangi chini

Neno tangi linaunda neno jipya kwa kila tangi na kulihifadhia namba ya pini, mahali kipimo chake kimechomekwa kwa bodi; kinachofuata does> ndiyo tabia ya hilo neno jipya. Ukiandika juu, namba ya pini inatolewa kwa memori, neno soma (hilo niliandika mapema) linaipima, kiwango cha maji kinabaki kwa steki. Tamu kabisa! Lakini does> inakupa tabia moja tu. Nikitaka tangi lilelile lipime, lipige kengele na lizime pampu, inabidi nipange jedwali la anwani za methodi (kazi ambazo tangi linajua kufanya), na hapo si nishajenga obijekti tayari? Halafu anwani ya tangi inakaa kwa steki moja na hesabu zako, unaanza swap, over, rot, maneno ya kupanga upya steki, mpaka hujui ni nani yuko juu ya steki.

Kujenga si kazi, Bernd Paysan aliandika Mini-OOF, mfumo mzima wa obijekti, kwa mistari 12. Shida inakuja kusomana. Gforth, Forth moja ya kompyuta, peke yake inakuja na mifumo ya Objects, OOF na hiyo Mini-OOF, na ulichoandikia kimoja hakikai na kingine. Mwezi jana mtu tulijuana naye huko maduka ya Luthuli alinipa programu yake ya kupima umeme, kazi safi sana, ila obijekti alijitengenezea kivyake, nikamaliza siku mbili nasoma mfumo wake kabla nifike kwa umeme wenyewe. Sanifu ya Forth ya 1994 iliziacha obijekti nje, ya 2012 ikaleta BEGIN-STRUCTURE ya kupanga data ikakomea hapo.

Naongezea baada ya kusoma majibu. Aliyeuliza kama obijekti zitakula memori: ni kweli kila obijekti itabeba anwani ya jedwali, baiti 2 kwa seli (nafasi ya namba moja) za biti 16, matangi mawili baiti 4, hizo nalipa. Asiyetaka asipakie hilo faili, neno ambalo halijapakiwa halili nafasi.

Na aliyesema Charles Moore, aliyebuni Forth, alitaka lugha ndogo, namheshimu huyo mzee, aliendesha nayo darubini ya redio kule Kitt Peak, Marekani, lakini udogo wa lugha unanisaidia nini kama siwezi kusoma kazi ya mwenzangu?

Mnaopinga nionyesheni basi: matangi mawili, methodi tatu, bila jedwali, na mtu mwingine aielewe kwa dakika tano. Aliye nayo aibandike hapa, nitaijaribu leo usiku kwa bodi yangu.