Kenya waache kuhesabu makabila? Maswali kutoka jangwa la Chalbi

Mzee wa Kirumba: Wakuu, nimemaliza kitabu cha Mjerumani Günther Schlee, cha 1989, juu ya koo za wafugaji wa kaskazini ya Kenya, huko Marsabit na jangwa la Chalbi. Anaonyesha kwamba ukoo unavuka kabila. Ukoo wa Odoola upo kwa Warendille, ambao lugha yao inakaribiana na Kisomali, na upo kwa Wagabra, wanaosema Kiborana. Mtu anafika na ngamia wake kwa "kabila jingine", anataja ukoo, anapata ndugu. Sasa Kenya hadi leo sensa inauliza kabila. Sisi Tanzania mara ya mwisho ilikuwa 1967. Nani kapatia?

Dogo Igoma: Sisi. Fungeni uzi.

Nyar Kisumu: Watanzania na sifa! Niko Mwanza mwaka wa sita. Kila nikitafuta chumba, mama mwenye nyumba anauliza, "Dada, kabila gani?" Afadhali karani wa sensa, anaandika anaenda zake.

Ngosha wa Magu: Hiyo ni salamu tu, dada. Halafu huyo Mjerumani anawajua watu wa jangwani kwa lipi? Wanakuja na daftari, wanaondoka na shahada.

Mzee wa Kirumba: Kwa Warendille alianza kwenda miaka ya 70, hakupita na basi. Kama humtaki Mzungu, msome Gufu Oba, wa kulekule kaskazini. Cha 2013, juu ya wafugaji waliobanwa kati ya himaya mbili, Wahabeshi (Ethiopia) huku na Waingereza huku.

Mwana Nansio: Mbona mbali? Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini. Wasukuma ni kabila lililopewa jina na dira, leo wanalipigia ngoma Bujora.

Ngosha wa Magu: Dira??? Mkerewe wewe! Watemi wenu Wasilanga si walivuka kutoka Ihangiro, kwa Wahaya? Anza na kwako.

Mwana Nansio: Walivuka, ndiyo. Babu alitusimulia bila kuona haya. Wewe dira imekuuma wapi?

Ngosha wa Magu: Haijaniuma.

Dogo Igoma: Imemuuma 😂

Mama Dagaa: Mimi sijasoma hivyo vitabu. Juzi Mwaloni napimiwa dagaa na kaka aliyeniambia ni Mjita. Simu ikaita, akaongea Kikerewe. Ikaita tena, Kisukuma safi kabisa, huku mkono mmoja unaniongezea mchanga kwenye debe. Namuuliza, wewe nani hasa? "Inategemea mama, kama anayepiga ananidai au namdai."

Dogo Igoma: Huyo apewe udaktari wa heshima.

Nyar Kisumu: Mnacheka. Kule haikuwa mzaha. Waingereza waliifunga kaskazini ya Kenya tangu 1902, huingii wala hutoki bila ruhusa. Uhuru ulipofika ikaja vita ya mashifta, waliotaka kaskazini iungane na Somalia. Wasakuye, wafugaji wa kulekule, walifungiwa vijijini, ngamia wakaisha. Hapo askari hakukuuliza ukoo. Mpaka Kenya na Somalia wakapatana Arusha, 1964 kama sikosei.

Mzee wa Kirumba: 1967, binti yangu. Mwaka uleule wa sensa yetu.

Ngosha wa Magu: Arusha! Mmesikia? Bila sisi mngekuwa mnapigana hadi leo.

Nyar Kisumu: Msuluhishi alikuwa Kaunda wa Zambia, kaka. Ninyi mlitoa ukumbi.

Ngosha wa Magu: Ukumbi na chai. Mwalimu alikuwa mwenyeji, hilo ni dogo?

Mama Dagaa: Dada wa Kisumu, chumba ulipata?

Nyar Kisumu: Nilipata, mama. Nilisema mimi Mjaluo wa Rorya. Akapunguza elfu kumi.

Mzee wa Kirumba: Jamani, sensa. Swali langu lilikuwa sensa.

Ngosha wa Magu: Sensa baadaye. Hiyo ya dira hamjaithibitisha. Bibi yangu pale Magu alisema wa kaskazini ni watu wengine kabisa, si sisi.

Mwana Nansio: Alisema akiwa ametazama wapi?