Wakuu naombeni ushauri: nina banda la gemu, nivute PS5 au nibaki na PES zangu za zamani?

Mzee wa Kihonda

Habari za jioni wakuu. Mwenye kejeli naomba leo apite kimyakimya, nina hela mkononi na siku zote hela ikinikaa mkononi bila kazi huwa inaondoka yenyewe.

Niko Morogoro, Kihonda, nina banda la gemu huu mwaka wa sita. TV nne. Mbili ziko na PS3 (PlayStation, mashine ya gemu), humo ni PES 2013 tu, gemu ya mpira, na haijawahi kutolewa, CD imekwaruzika mpaka nikaamua kuiingiza kwenye hadi diski. Mbili zingine PS4 zenye PES 2021. PS3 mechi ni 300, PS4 ni 500, anayefungwa ndo analipa na anampisha mwenzie, hiyo sheria nimeiandika ukutani kwa makapeni maana kesi zilizidi.

Sasa juzi tumevunja kikoba nimetoka na milioni moja na laki nne. Nina mawazo matatu yananigombanisha kichwani. La kwanza nichukue PS5 moja na FC 25, ile gemu ya mpira ya EA iliyokuwa ikiitwa FIFA, niwe na kitu kipya mtaani. La pili nichukue PS4 mbili used. La tatu, na hili mtanicheka, nisubiri. Mimi ni mtu wa Master League wakuu, ile sehemu ya PES ya kuongoza timu msimu kwa msimu, nimekua na Castolo na Minanda na Ximelez, wale wachezaji wasiokuwepo duniani unaanza nao wabovu mpaka unachukua ubingwa wa Ulaya. Tangu PES ibadilishwe iwe eFootball tunaambiwa Master League inakuja, inakuja, tuko 2025. Swali langu la kibiashara ni hili: hii eFootball inakufa au haifi? Maana kama inakufa labda Konami wanaoitengeneza watarudi kutengeneza PES ya CD kama zamani na mimi nitakuwa nimekimbilia PS5 bure.

Natanguliza shukrani.

Bao la Mkono

Kusubiri Master League mwaka huu ni sawa na kusubiri treni kituo cha daladala. Nunua bodaboda mkuu.

Fundi Flashi

Mkuu ngoja nikujibu hilo swali lako la inakufa au haifi maana wengi wanalichanganya na kitu kingine.

Sisi mashabiki wa PES tuliumia, hilo halina ubishi. Julai 2021 Konami walipotangaza jina jipya na kwamba itakuwa ya bure, watu walishangilia. Wakaiacha ile injini ya Fox (programu inayoendesha gemu) waliyoanza nayo PES 2014 wakahamia injini nyingine ya Unreal, yaani wamebomoa nyumba na wapangaji wamo ndani. Tarehe 30 Septemba 2021 ikatoka, mnakumbuka ile siku, timu tisa tu za kucheza mechi na mwenzako, sura ya Ronaldo ikawa ndo kichekesho cha wiki, mashabiki jukwaani kama wamechongwa na kisu cha mkate. Kule Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ikapigiwa kura mbaya mpaka ikakaa namba moja kwa kuchukiwa kuliko gemu zote zilizoko pale. Kesho yake Konami wakaomba radhi hadharani. Vesheni ya 1.0 iliyopangwa Novemba 11 ikasogezwa, ikaja kutoka Aprili 14, 2022, na waliokuwa wamelipia kifurushi mapema wakarudishiwa hela zao.

Ukiishia hapo unasema imekufa. Sasa angalia upande wa pili wa shilingi: mpaka mwaka 2024 walishatangaza imeshushwa zaidi ya mara milioni 750, na sehemu kubwa ya hizo ni simu. Kampuni yenyewe mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 iliingiza kama yen bilioni 360, rekodi kwao. Sio eFootball peke yake hapo, wana biashara nyingine kibao, lakini hiyo sio kampuni inayolia njaa. Na Desemba 2024 FIFA wenyewe, ndio hao waliokuwa wanaliuza jina lao kwa mpinzani, wamefanya Kombe la Dunia la gemu pale Riyadh kwa kutumia eFootball.

Kwahiyo kaka, hawarudi. Hawana sababu ya kurudi. Wewe ulikuwa unanunua CD moja mnacheza watu mia tatu kwa miaka kumi, wao walikuwa wanapata nini baada ya hapo? Sasa hivi dogo mmoja anaweza akanunua koini za ndani ya gemu kila wiki ili atoe kadi ya mchezaji kama Maldini. Sio kwamba wametusahau, wamepiga hesabu wakaona sisi hatulipi.

Kisauni Finest

Salaam kutoka Mombasa. Fundi hapo juu kanena ila asitie watu woga, na huko upande wa pili si raha vile mnavyodhani. EA na FIFA walitangaza kuachana Mei 2022, FIFA 23 ikawa ya mwisho, halafu FC 24 ikatoka Septemba 2023 na ikauza vizuri, watu wakasema jina si kitu. Haya, FC 25 imekuja, na Januari 2025 EA wenyewe wakashusha makadirio yao ya mwaka wakasema hii FC haikwenda walivyotaraji, hisa zao zikaporomoka zaidi ya asilimia 15 siku moja. Walaji wamechoka kuuziwa kitu kile kile na jezi mpya, wallahi.

Sie huku wateja wengi ni wa FIFA tangu zamani, PES utacheza na nani? Lakini mimi banda langu bado liko na FIFA 19 kwa PS4 moja na ina wateja wake hawataki kuhama. Ukiwawekea 25 wanalalamika mchezaji amekuwa mzito, pasi haifiki, kipa mjinga. Nikiwauliza mbona mwaka jana mlisema hivyo hivyo wanacheka.

Halafu jambo moja hujaambiwa: FC 25 ipo ya PS4 pia. Unataka kitu kipya mtaani, si lazima ununue PS5.

dogo_wa_epic

nyie wazee mna matatizo sana, eFootball ya sa hivi sio ile ya 2021, mmeng'ang'ania tu zile picha za Ronaldo, wamefanya apdeti ngapi tangu hapo? mimi niko division 1 kwenye simu ya laki tatu sijawahi kununua koini hata moja na nacheza na watu wa Indonesia usiku kucha, banda la gemu la nini 2025, mnalipia 500 kufungwa wakati bando la usiku ni bei hiyo hiyo

Mzee wa Kihonda

Dogo usinielewe vibaya, sijasema ni mbaya sa hivi, nasema sio ile niliyokuwa naipenda. Ni kama umeahidiwa pilau ukaletewa chipsi, chipsi sio sumu lakini nilikuwa nimeshanusa pilau.

Na umenikumbusha kitu. Pale bandani kwangu kuna kijana wa bodaboda anakuja kila siku saa kumi. Akifika anachomeka chaji kwenye ekstensheni yangu, ananipa 200 ya chaji, anakaa kwenye benchi anacheza eFootball ya simu huku anasubiri zamu yake ya PES 2013. Yaani mkono wa kulia anagusa kioo, jicho la kushoto liko kwenye TV ya mtu mwingine anamwambia "piga, piga, mbona unaremba". Zamu ikifika anaweka simu mfukoni katikati ya mechi, hata haimalizi, anashika pedi. Nilimuuliza juzi kwanini unaiacha ya bure unakuja kulipia hii. Akanijibu "kule nikimfunga mtu simuoni sura".

Basi nikabaki nayo hiyo. Ila kweli huyo naye atakuwa kwenye zile milioni 750 za Fundi.

Mama Pacha

Kaka mimi ni mwanamke lakini banda la gemu ninalo, Mwanza, Buhongwa, aliliacha mdogo wangu alipoenda kusoma. Gemu zenyewe sizijui hata kucheza, najua daftari tu. Naona mnabishana Konami Konami, hebu tuje kwenye hela.

PS5 yenye sehemu ya CD utaipata kwa hiyo milioni na nne yote, bado CD ya FC, bado pedi ya pili maana ndani inakuja moja. Umeshatoka nje ya bajeti. Tuseme umekopa ukamalizia. Utachaji 1,000 mechi. Wateja wako wamezoea 300. Nakupa mechi kumi kwa siku nikikuonea huruma, ni elfu 10. Sasa PS4 used, laki tano moja, mbili ni milioni. Kila moja ikipiga mechi 25 kwa 500 ni elfu 12 na mia tano, mbili ni elfu 25. Toa luku, toa kijana wa kukaa, bado unapumua.

Lakini umesahau kitu na wote humu mmesahau. TV. PS4 mbili mpya utaziweka kwenye TV gani? Una TV nne zote zina kazi. Laki nne iliyobaki ndo TV mbili used za inchi 32, ukipata kwa mtu anayehama. Na feni utanunua kwa mate?

Fundi Flashi

😂😂 Mama Pacha ameua. Kaka sikiliza huyu dada.

Naongeza la ufundi. Kama ukichukua PS5 hakikisha sio ile isiyo na sehemu ya CD, watu wanauziwa kwa bei ya kutupa wanafurahi, wakifika nyumbani CD zao za PS4 hazina pa kuingia. Pia pedi za PS4 kwenye PS5 zinakubali gemu za PS4 tu, FC ya PS5 haitaki, kwahiyo pedi zikifa unanunua zile za bei mbaya. Na bandani pedi inakufa, wewe unajua, wiki mbili tu analogi, kile kijiti cha kuongozea mchezaji, inaanza kutembea yenyewe mchezaji anaenda kona bila kuambiwa.

Ila hizo PES 2021 zako mbona hujazitendea haki? Hiyo gemu kwenye PS4 inaruhusu kuingiza timu kwa flashi. Chukua flashi, tengeneza folda liite WEPES kwa herufi kubwa, weka picha za jezi na mafaili ya timu humo, ingia Edit, sehemu ya kuingiza data, basi. Wapo watu duniani wanakaa kutengeneza vikosi vipya vya kila msimu wanagawa bure, Mbappé unamkuta Madrid. Ukitaka kukomaa tengeneza Simba na Yanga mwenyewe, chukua timu mbili zisizo na maana uzibadilishe majina na jezi. Itakula siku tatu za kukaa na pedi ukiandika majina herufi moja moja, lakini siku ya dabi utaniambia.

Bao la Mkono

Hapo kwenye Simba na Yanga uwe makini, ukimpunguzia mtu kasi ya winga wake banda litachomwa moto.

Tajiri Mtarajiwa

Weka mashine za kubeti mkuu, hiyo ndo biashara, gemu ni za watoto

Mzee wa Kihonda

Tajiri hapana. Mwenyekiti wa mtaa tayari ananipigia simu nikionekana na mtoto mwenye sare ya shule saa nne asubuhi, hizo mashine nitaziwekea wapi.

Kisauni Finest

Na je, ukiwauliza wateja wenyewe? Mie nilifanya hivyo kabla ya kununua FC. Niliweka karatasi mlangoni, kila anayetoka aandike anataka nini. Nusu waliandika FC, nusu waliandika "punguza bei", mmoja aliandika "weka maji ya kunywa". Huyo wa maji nilimsikiliza, sasa nauza maji.

Mzee wa Kihonda

Wakuu narudi na mrejesho, imepita wiki tatu, samahani kwa ukimya.

PS5 nimeachana nayo. Nimechukua PS4 moja tu, laki nne na themanini, nimeijaribu kwa fundi saa nzima kabla ya kutoa hela maana niliwahi kuuziwa moja na mtu wa mtandaoni ikazima njiani hata nyumbani haijafika. TV moja inchi 32 kwa mama mmoja anahamia Dodoma, laki na themanini. CD ya FC 25 ya PS4 nimeipata, nimeiweka hiyo mpya kwa 700 nione wangapi watatia mguu. Feni mbili. Pedi sita. Zilizobaki nimeficha kwa mke wangu.

Simba na Yanga nimemaliza jana usiku. Zile timu mbili zisizo na maana zimekufa rasmi. Macho yananiuma, majina ya watu wa Burkina Faso yana herufi nyingi jamani. Asubuhi nimefungua kuna foleni mpaka kwa muuza mihogo, na kijana wangu wa bodaboda amepigwa tatu bila akakataa kulipa, anasema kipa nimempa namba ndogo makusudi. Simu yake ilikuwa bado inacheza mechi peke yake kwenye benchi.

Master League ya eFootball nimeacha kuisubiri. Jana baada ya kufunga banda nimeanza moja humohumo kwenye PES 2021, kikosi cha kina Castolo. Mechi ya nne sasa, sare tatu.

Swali lingine kabla sijasahau: nani anajua pale Kariakoo duka linalouza zile raba za analogi kwa jumla? Za PS3. Sio za PS4, za PS4 ninazo.