Gundi ya mifuko ya kaki: muhogo, ngano au mgunga?

MfukoKaki: Wakuu habari zenu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku hapa Tanzania Juni 2019 natengeneza ya kaki kwa wauza maandazi. Gundi nyeupe ya dukani inanimalizia faida. Nataka ya mimea. Ipi inashika vizuri?

FundiBoksi: Muhogo, usihangaike. Ila tumia wanga wenyewe, sio unga wa makopa. Unga una nyuzinyuzi, zinaacha vijipele chini ya karatasi. Wanga kikombe 1, maji 8. Koroga kwanza na maji baridi, ndipo uinjike, moto mdogo. Ikikaribia nyuzi joto 65 ule weupe unapotea, uji unakuwa wa kupitisha mwanga na mwiko unakuwa mzito. Epua hapo hapo. Ukizidi kuuchemsha na kuupigapiga unalegea, na ukishalegea ndiyo basi.

MamaPemba: Ngano nayo inashika, lakini kwa joto letu la pwani inachacha upesi. Uji ukipoa tia matone machache ya mafuta ya karafuu, ukungu utachelewa. Kwa mende na panya usiitegemee karafuu, mifuko iweke juu.

Lodwar_Juu: Msisahau gundi ya mgunga, ule utomvu wa mti wa miiba. Huku kwetu Turkana, Kenya, inatoka kwenye *Acacia senegal*. Haipikwi: loweka kwenye maji ya uvuguvugu, chuja magome na mchanga, basi. Ndiyo iliyokuwa nyuma ya stempu tulizokuwa tukilamba. Kasoro yake, ikikauka ni kama kioo, ukikunja karatasi inapasuka, labda utie gliserini kidogo. Halafu mnagombania mzigo na viwanda vya soda na dawa. Kwa lebo na bahasha sawa. Kwa mfuko wa maandazi ni anasa.

MfukoKaki: Na mvua je? Wa muhogo hauachii?

MzeeViwanda: Unaachia, binti yangu, na wa mgunga unaachia zaidi. Viwanda vya maboksi hutumia wanga pia, ila wanatia kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) ili uive kwa moto mdogo, na boraksi (aina ya chumvi ya madini) kuongeza mnato. Wewe usiguse hivyo, mifuko yako inabeba chakula. Cha mmea kinachohimili maji kweli ni mafuta ya maganda ya korosho. Yakipikwa na fomaldehaidi, kemikali yenye mvuke wa sumu, yanatoa gundi ya mbao. Lakini yanababua ngozi, waulize wabanguaji wa Mtwara, na fomaldehaidi si ya kupikia uani.

FundiBoksi: Shikamoo mzee. Na kusema kweli, kaki ikiloa inachanika yenyewe kabla gundi haijaachia.

MfukoKaki: Marahaba zenu nawaachia wenyewe 😄 Muhogo basi. Wanga ninunue au nikamue?

FundiBoksi: Kamua. Menya, ukune, chuja kwa kitambaa na maji mengi, acha utuame usiku kucha, mwaga maji ya juu, rudia kuosha, kisha anika. Hata muhogo mchungu unafaa, tena huo hakuna atakayekugombania.